Gunia la Mbolea na Zamu ya Maji

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, alirudi kwetu Mbololo, mlimani, miaka ya sabini baada ya kustaafu kazi ya reli kule Voi. Stesheni alikuwa akikata tiketi, lakini alivyorudi ungedhani alikuwa akisomea udongo. Aliingia shambani na soksi ndefu nyeupe. Alipomwona mama amebeba samadi ya mbuzi kichwani, aliziba pua.

"Mpaka leo mnalisha mahindi mavi," alisema.

Kilimo hakikuwa shida yake. Shamba la mama lilikuwa chini ya lake, kwenye mfereji mmoja, na tangu baba afariki alikuwa akilimezea mate bila haya. Akawaambia wazee wa ukoo kwamba mjane hajui kulima, na kwamba mahindi ya mjane yakiwa mabaya kuliko ya shamba la juu, mashamba yaunganishwe chini ya usimamizi wa mwanamume. Mwanamume mwenyewe ni yeye, bila shaka. Wazee, waliobabaishwa na soksi, walikubali kuja kulinganisha kabla ya mavuno. Mama hakuwa na shamba lingine, na sisi watoto wote tulikula kutoka hapo.

Basi akaleta gunia kutoka Voi, mbolea ya nitrojeni ya kukuzia mahindi, chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Alituita tuone maajabu. Alitia konzi kadhaa kwenye ndoo ya maji, akatuamuru tuingize mikono, na kweli maji yalikuwa yamepoa ghafla.

"Mnaona nguvu hiyo?" akajigamba.

Mbolea hiyo ikiyeyuka hupoza maji, basi. Hiyo ndiyo elimu yake yote. Hakujua kwamba huvuta unyevu wa hewani, akaliacha gunia wazi katika ukungu wetu wa mlimani. Aliporudi kulichukua lilikuwa limeganda likawa jiwe, akalivunja kwa nyundo huku akikitukana kiwanda.

Mahindi yalipofika magotini, akaanza kuyalisha. Mbolea hii huwekwa kidogo tu, mbali kidogo na shina, kisha hufukiwa. Yeye aliirundika hadi ikakumbatia mashina, akatuambia kwamba ubahili ndio umaskini wetu. Halafu akafungua mfereji ili iyeyuke.

Kwetu maji ya mfereji huenda kwa zamu, na hata watu wasiosalimiana huheshimu zamu. Ya mama ilifuata ya baba mkubwa. Tulipofika na jembe kuyageuza maji, tulimkuta amesimama kwenye tope, njia kaiziba.

"Rudi nyumbani, shemeji. Mbolea yangu bado ina kiu."

Mama alitia jembe begani, akarudi. Mimi nilishikwa na hasira, na hasira hiyo ninayo hadi leo, nikiitunza vizuri.

Maji ya zamu mbili yalijaa shamba lake, yakapanda juu ya tuta, yakateremka kwetu polepole. Tuliyaona yakiingia tukadhani ni makombo tu. Lakini mbolea ile ikishayeyuka haina mwenyewe, huenda yanakoenda maji. Baada ya majuma machache mashina yake yalikuwa yameungua chini, na yaliyopona yalikuwa manjano, membamba, ya kutia huruma kama yangekuwa ya mtu mwingine. Yetu yalikuwa yamenenepa, majani ya kijani kibichi yaliyokaribia weusi.

Wazee walikuja, wakatazama juu, wakatazama chini. Baba mkubwa hakungoja kuulizwa.

"Huyu mwanamke ni mwizi! Hiyo si rangi ya samadi. Hiyo ni mbolea yangu!"

Nilimwona mama akikaza kilemba chake. Nilidhani atalia, nami nikawa tayari kulia naye.

"Ni kweli, ni yako," alisema. "Wazee, muulizeni maji yake yalipofurika hadi kwangu ilikuwa zamu ya nani."

Mzee wa mfereji, yule anayepanga zamu, akamgeukia, akauliza. Baba mkubwa akaanza kuzikagua soksi zake, ambazo siku hiyo zilikuwa safi kabisa.

"Sikuiiba, shemeji," mama akamwambia. "Ilikuja yenyewe, ndani ya maji yangu."