Mkoba wa Mwenyekiti

Kwa miaka kumi na mmoja alipima watoto kliniki, na hakuna hata mmoja aliyemdanganya kuhusu uzito. Walimlilia, walimkojolea, basi. Sasa anatengeneza baiskeli za milimani kwenye stoo ya nyuma ya nyumba yake, na wateja wake, watu wazima wenye vyeo na vitambi, hudanganya bila kupepesa macho.

Wanamwita Dokta Magoti. Kazi yake ni shokapu za mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu na kubonyea njia ikiwa na mawe. Huzifungua juu ya shuka kuukuu, hufuta tope, hubadilisha sili za mpira zinazozuia oili kuvuja, kisha hupima oili kwa bomba la sindano, kama dawa ya kikohozi. Mwisho hujaza upepo. Hapo ndipo penye kasheshe, kwa sababu kiasi cha upepo hutegemea uzito wa mwendeshaji, na uzito huo huutaja mwendeshaji mwenyewe.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alitaja kilo sabini na nane. Huyo ni mwenyekiti wa klabu ya baiskeli, na klabu hiyo ndiyo inayomletea Dokta karibu kazi zake zote. Dokta alikitazama kitambi, akalitazama daftari, akaandika sabini na nane. Heshima.

Siku nne baadaye mwenyekiti alirudi akisukuma baiskeli, kiwiko kimechubuka.

"Shemeji, hii kitu umeifanyaje? Kila shimo inagonga chini kama nyundo!"

"Pole. Ulianguka?"

"Nilishuka haraka. Sasa sikia, Jumapili tuna kikao. Wenzangu wanataka tuhamie kwa fundi mwingine, na mimi sina tena cha kukutetea."

Dokta aliinama. Kwenye mguu mmoja wa shokapu kuna ringi ndogo ya mpira, ambayo husukumwa juu shokapu ikibonyea na kubaki pale ilipofikishwa. Ilikuwa imefika mwisho kabisa. Shokapu ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa ile sabini na nane.

"Kaka, panda mizani tu yaishe," alisema mumewe, akimenya chungwa mlangoni.

"Nyamaza wewe! Nani kakuuliza?"

Dokta alifungua daftari. "Shemeji, ukiendesha huwa unabeba mkoba?"

"Kamkoba kadogo tu."

"Kana kilo ngapi?"

"Mbili."

Dokta alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama akina mama walioapa kwamba mtoto amemaliza dozi.

"Na spana zako?"

"Labda tatu."

"Na koti la mvua? Na maji?"

Mwenyekiti alikuna shingo. "Unajua, shemeji, huo mkoba kwa kweli ni mzito."

"Tuseme kilo kumi na nane?"

"Tuseme kumi na nane."

Mumewe alipaliwa na chungwa.

Dokta aliandika, akaongeza upepo, akamkalisha mwenyekiti juu ya baiskeli. Safari hii ringi ilisimama panapotakiwa. Mwenyekiti alishuka ngazi za nyuma kwa baiskeli mara mbili, hakusikia nyundo.

Jumapili, habari za fundi mwingine hazikutajwa kikaoni. Mwenyekiti alihutubia kwa dakika kumi juu ya umuhimu wa kumweleza fundi ukweli kuhusu mkoba.

Jumatatu asubuhi wanachama wanne walikuwa kwenye foleni nje ya stoo. Mikoba yao, walieleza, wameiacha nyumbani. Ni mizito mno.