Amplifaya Iliyovishwa Satini

Siku hizi niko mjini Wote, kwa watu wa muziki wa sherehe, na amplifaya naibeba kwapani kama mkate. Vijana ninaofanya nao kazi hawaamini nikiwaambia kwamba ile niliyoanza nayo kule Kitui ilibebwa na watu wawili, na wote wawili walilala wamepakwa dawa ya kuchua mgongoni.

Ilikuwa ya fundi mmoja aliyekodisha vyombo vya muziki. Nilikuwa nimeacha shule mapema na sikuwahi kukaa mahali pamoja, ila kwake nilikawia, kwa sababu siku ya kwanza alifungua kifuniko nikaona ndani: transfoma kubwa kama kichwa cha mbuzi, kapasita nene kama mikebe ya soda, na safu za mapezi ya chuma ya kutoa joto. Niliuliza maswali mpaka akasema, "Wewe ungebaki shule ungemaliza walimu."

Lakini udadisi haubebi chuma. Kila Jumamosi kilikuwa kizito kuliko Jumamosi iliyopita, na kilikuwa kimezima katika sherehe mbili zilizofuatana. Aliyechoka kutushinda ni bibi ya fundi. Asubuhi tukiipakia kwenye pikapu kwenda harusi kule Zombe, alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Ikizima leo, iache huko huko. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu nao wanakula. Umesikia, mzee?"

"Nimesikia."

"Umesikia ama umenyamaza?"

"Yote mawili."

Fundi hakuwa na amplifaya nyingine, na umri wa kuanza kazi mpya ulikuwa umempita.

Zombe jua lilikuwa limetulia juu yetu kama lililolipwa. Tuliiweka juu ya matofali kando ya meza ya maharusi, tukaijaribu, ikanguruma vizuri. Kwaya iliimba, mchungaji akahubiri, nayo ikavumilia. Fundi akanivuta shati. "Twende tukale kabla nyama haijageuka mchuzi."

Tulikuwa nyuma ya jikoni, sahani magotini, tulipomsikia baba ya bwana harusi. "Na sasa nawaomba wakwe zetu—" Halafu kimya. Fundi aliacha mfupa ukaanguka.

Tulipofika hatukuiona amplifaya. Mahali pake palikuwa na kitu cheupe kama keki ya pili: kitambaa cha satini kilichofungwa utepe wa zambarau kwa nyuma, juu yake kitambaa cha kufuma, na juu kabisa chombo cha maua ya plastiki. Shangazi ya bibi harusi, msimamizi wa mapambo, alisimama hapo akiwa ameridhika na kazi yake.

"Mama," fundi akasema taratibu, "mbona umeifunika?"

"Chuma kibaya namna hiyo kitokee kwa picha za mtoto wetu?"

"Inapumua, mama. Feni iko hapo nyuma, hapo ulipofunga utepe."

"Inapumua! Ina pua?" Wanawake wakacheka. "Na mbona hukusema?"

Fundi alifungua utepe, akakunja kitambaa vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akagusa chuma na kuondoa mkono haraka. Sura yake ilikuwa ya mtu anayemsikia bibi yake akiwa mbali.

Nilikimbia jikoni nikarudi na ungo, nikaanza kuipepea kama jiko la makaa. Mtu akaniuliza itaiva saa ngapi. Akina mama wakaanza wimbo kwa midomo yao, na hapo hapo harusi ikaendelea bila sisi. Mikono yangu ilipokufa ganzi, ndani ya amplifaya pakalia tak, taa yake ikawaka tena. Fundi akaitazama taa, akawatazama waimbaji, akaacha sauti chini mpaka wakamaliza.

Tulirudi jua likiwa bado juu kidogo. Bibi yake alikuwa anaanua nguo.

"Ilizima?"

Nilidhani atadanganya. Mimi ningedanganya.

"Ilizima," fundi akasema. "Waliivisha nguo, ikashikwa na joto, ikajizima yenyewe isiungue. Ilipopoa ikajiwasha."

"Kwa hivyo ina akili."

"Kidogo."

"Basi ishuke yenyewe."

Tukaivuta hadi ukingo wa pikapu. Fundi akashika mkono mmoja wa chuma, mimi wa pili, lakini vidole vyangu, baada ya ule ungo, vilikataa kufunga. Tukasimama hivyo, hatuishushi wala hatuirudishi. Bibi yake alitutazama, akamtazama mumewe anayejishika kiuno, akatupa nguo begani.

"Toka hapo," akaniambia, akashika mkono wa chuma wa upande wangu. "Mzee, tangulia. Na usikimbie."

Mimi nikawafuata na nyaya.