Gauni la Njano Mwanza

Kwenye kivuko cha kurudi Geita, mvua ikitupiga, niliketi na mchimbaji mdogo wa dhahabu na mkewe. Walitoka kutembea Mwanza siku mbili, mara ya kwanza tangu waoane. Nikaomba kuona picha.

Mume akanipa simu. Picha zote ni miamba ya ziwani!

"Ona huo mkanda mweupe kwenye mwamba, kaka. Kwetu hiyo ni dalili ya dhahabu, tungeshachimba shimo."

Pembeni mwa picha moja palikuwa na ncha ya kitambaa cha njano. Nikauliza ni nini.

"Gauni langu," mke akasema taratibu. "Nililishona kwa ajili ya safari hii."

Mume akaanza kutafuta picha nyingine yenye gauni. Tukafika ng'ambo bado anatafuta.

Nikataka kumcheka. Kisha nikafungua simu yangu: vivuko, foleni, mabango. Mke wangu hayumo.