Mwisho wa Hadithi Niliompa Petro

Leo nimemdanganya mgonjwa, na amenishukuru.

Asubuhi mjukuu wangu aliuliza humu kwenye kundi letu la simu: likizo hii mnasoma vitabu gani? Nikamwambia aniandikie kwamba macho yangu hayasomi tena, ila enzi za Mwingereza shule yetu huku Ngara ilitupa kitabu kimoja cha likizo, tukipokezana kijiji kwa kijiji. Mimi nilikisomea Mbuba, kisha nikampelekea Petro kule Kibimba.

Kumbe Petro bado yu hai! Mwanawe aliona jibu langu, akamsomea. Akanipigia kutoka kitandani anapougua.

"We mzee, hujafa tu?"

"Nakusubiri wewe utangulie."

Tukacheka mpaka tukakohoa.

Kisha akauliza, "Hivi yule mwindaji wa kile kitabu alirudi kwao? Uliniambia mchwa wamekula kurasa za mwisho. Nimewaza maisha yangu yote."



Mchwa ni mimi. Nilizichana kurasa zile nikasokotea tumbaku, kabla hata sijazisoma. (Karatasi ilikuwa laini mno.)

Nikamjibu, "Alirudi. Mama yake alikuwa bado anamngoja."

Petro akalia. "Asante, mwenzangu. Sasa nitalala."

Wanangu, nami siku zangu zimebaki chache, na aibu imenishika hata chai imenishinda. Nimwambie ukweli, au nimwachie mama niliyemtunga?

Jibuni upesi. Petro ameomba nimsimulie tena kesho, polepole, wajukuu zake wakisikiliza.