Mguu Tulioupika Wandegeya

Niliacha shule mapema kwa sababu sikuweza kukaa kwenye benchi moja. Kazi nazo zilinishinda kwa namna hiyo hiyo. Nimechoma matofali Bwaise, nimepakia magari Nakivubo, na katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi, Wahindi walipokwisha kufukuzwa na sukari ikawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona, nilijikuta Wandegeya kwa fundi mmoja Mganda wa makamo. Yeye aliziba bodi za magari zilizooza. Alitandaza kitambaa cha nyuzi za kioo, akakipaka gundi nzito iitwayo rezini, nayo ikikauka ikawa ngumu kama pembe.

Rezini tulikuwa nayo pipa zima, na dawa ya kuigandisha pia. Iliyokwisha ni dawa ya pili, ile ya kuiharakisha, na madukani haikuwepo tena. Mvua zilipoanza, kiraka kilikaa wiki nzima kikinata kama asali.

Ndipo akaja mama wa Kikongo aliyeuza vitenge sokoni Nakivubo. Tulimzoea akitembea kwa mguu wa mti, kuanzia chini ya goti. Siku hiyo alikuja kwa gongo, mguu ukiwa ndani ya kikapu mgongoni. Kikombe chake, pale kigutu kinapoingia, kilikuwa kimepasuka toka juu hadi chini.

"Papa fundi, yule bwana wa hospitali aliyenitengenezea amekimbia nchi," alisema. "Mtu wa gongo hawezi kubeba mzigo. Na askari wakivamia soko, wenzangu watakimbia na mali yao, mimi nitabaki kuwasalimia?"

Fundi aliufanyia alivyoyafanyia magari. Kwa kuwa nyuzi za kioo zilibaki vipande tu, tulikuwa na desturi ya kutanguliza wavu wa waya, ule wa banda la kuku, halafu vipande na rezini juu yake. Tukauweka mguu karibu na mkaa. Nje ukababuka, ndani ukaendelea kunata.

Kwenye kona ya karakana kulikuwa na jiko la maikrowevu. Lililetwa na mke wa sajini mmoja kutoka kaskazini, ambaye mumewe alilipata anakojua mwenyewe. Alilitua mezani, akajifuta mikono.

"Hii sanduku iko na shetani," alituambia. "Naweka sufuria ndani, inapiga radi. Nyinyi kaa nayo!"

Umeme ulipokuwepo nililichezea. Nilitia kikombe cha chai. Chai ikachemka, lakini kishikio hakikuniunguza. Nikakaa nikiwaza. Moto wa mkaa huanzia nje ukaingia ndani polepole. Huu ulikuwa unazaliwa ndani ya chai yenyewe. Je, rezini? Nikadondosha tone kwenye kisosi, nikafunga mlango, nikangoja. Nilipoligonga kwa ukucha, lilikuwa jiwe.

Mama wa vitenge alipokuja kuuliza habari za mguu wake, nilikuwa nimeshamshawishi fundi. Tuliuingiza kwenye lile jiko kwa mshazari, wote watatu tukiangalia. Nikawasha. Ndani kukawaka cheche za buluu, zikalia kama mahindi yanayopasuka.

"Ng'oa waya! Ng'oa waya!" fundi alipiga kelele, nami nikauchomoa wa umeme.

Mke wa sajini alikuwa ametuambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba sufuria ilipiga radi, nasi tukamcheka. Chuma hakitakiwi mle. Tulikaa na koleo mpaka wavu wote ukatoka, na msumari mmoja alioupigilia yule bwana wa hospitali. Lakini bila wavu, rezini peke yake ingepasuka kama sahani. Ilihitaji kitu cha kuishika.

Nikakumbuka sanduku la bati la fundi. "Mzee, ile lubugo yako?"

Lubugo ni kitambaa cha gome la mti, na kwa Waganda ndicho wanachozikwa nacho watu. Yeye alijiwekea chake mapema. Alinitazama kama nimemtukana.

"Nimvishe mtu aliye hai sanda?"

"Papa, ule mguu wangu wa nyama ulishazikwa zamani," mama alisema. "Huu wa mti hauogopi sanda."

Fundi alijizuia, ikamshinda, akacheka. Alifungua sanduku, akakata upande mrefu. "Siku yangu ikifika, lubugo hii itakuwa fupi. Mtanikunja magoti."

"Tutasema ulikuwa unasikia baridi," nilimwambia.

Mara ya kwanza tulikosea tena. Lubugo ilikuwa na unyevu, maji yakachemka, rezini ikajaa mapovu. Tukaikwangua. Kipande cha pili nilikitia kwenye lile jiko kikiwa kitupu, kikatoa mvuke mpaka kikawa kikavu. Ndipo tukakizungushia kwenye kikombe, rezini juu, tukafungua madirisha kwa sababu ya ile harufu. Niliwasha kidogo, nikazima, nikaugeuza mguu, maana upande mmoja ulipata moto na mwingine ukabaki baridi. Tena, na tena, huku mama akiniuliza kama umeiva na fundi akimwambia aandae chumvi, kama angeipata.

Ulipopoa, fundi aliupiga kwa nyundo ya mpira. Haukutoa hata ufa.

Mama alizungushia kigutu kitambaa laini, akaingiza, akafunga mikanda. Alisimama ameshika meza. Akaachia mkono mmoja. Kisha akanionyesha tairi kuukuu kwa kidevu.

"Nitwike."

Nikamtwika. Alikwenda mpaka barabarani, akageuka, akarudi kwa haraka kuliko alivyokwenda, tairi limetulia kichwani. Alilitua mwenyewe. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na aliona aibu kwa jinsi alivyokuwa anatabasamu.

Fundi alimnyooshea gongo. "Nnyabo, mama yetu, usisahau hili."

"Lete," alisema. "Nitatundikia vitenge."