Goti Lililomsubiri Shangazi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, goti langu la kulia lilimsubiri shangazi yangu kwa siku kumi na tisa. Sikosei hesabu. Karatasi ya mazoezi niliyopewa hospitali ilikuwa na kisanduku cha kutia alama kila siku, na kumi na tisa vilibaki vitupu. Ninayo hadi leo.

Nilizaliwa na mguu mfupi na goti lisilo na kano ya kati; lilichomoka hata nikishuka ngazi. Daktari alinitengenezea kano mpya kwa kano iliyotolewa pajani kwangu mwenyewe, akamwambia mama goti likunjwe kila siku, kidogo kidogo, lisije likakakamaa.

Bibi mzaa mama hakukubali. Alisema shangazi Rukia aliniruka miguu nikiwa mchanga nimelazwa mkekani, na mtoto aliyerukwa hakui mpaka aliyemruka amruke tena kwa kurudi. Basi goti lisiguswe mpaka shangazi aje kutoka Nungwi.

Shangazi akakataa. Mama aliweka simu kwenye spika, sote tukamsikia: "Nikija kumruka, ntakuwa nshakubali mie ndo nlomlemaza mtoto."

Nami kila asubuhi nilimkumbusha Bibi kwamba mguu ulikuwa mfupi kabla sijalazwa kwenye mkeka wowote.

"Wewe mwana una maneno," alinijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya ishirini shangazi alikuja. Hakuvua hata buibui. Alinyanyua pindo, akaniruka, akaniomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda, akakaa kitako akalia.

Bibi akasema, "Haya, kunja sasa."

Goti likagoma.

Kano ilishika, na sijateguka tena. Lakini goti halikupata kukunjika lote.

Miaka yote nilidhani ni ujinga tu. Mwaka jana mama akaniambia. Nilipozaliwa, watu walianza kunong'ona kwamba yeye alimcheka kiwete akiwa na mimba yangu, ndiyo maana mguu ukawa hivi. Bibi, aliyenikogesha siku ile ya kwanza na kuuona mguu, akawatafutia mtu mwingine wa kumlaumu. Shangazi aliporuka, minong'ono ikaisha. Mama aliyajua yote hayo, akanyamaza.

Bibi ameshafariki. Kila nikisali, nikifika kwenye tahiyatu, pale pa kukaa magoti yamekunjwa, naunyoosha mguu ule pembeni. Nikitoa salamu namwombea rehema, na bado nimemkasirikia.