Hodi Siku Tatu

Nilifungwa siku tatu katika chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa shingoni mwangu.

Hakuna aliyeniteka. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane na siku moja.

Tangu nikiwa na miaka minne nililelewa katika kituo cha watoto nje ya Palapye. Bweni letu lilifungwa kwa nje kila jioni, na upande wa ndani mlango haukuwa na kitasa. Alfajiri, Mma Dikeledi, yaani Mama Dikeledi, mlezi wetu, alikuja kutufungulia. Alitukuta tumeketi vitandani, tumekwisha kuvaa, mikono magotini.

Hivyo ndivyo siku ilivyoanza. Sikujua namna nyingine.

Ukitimiza miaka kumi na minane, kituo hakikujui tena. Nilipewa godoro, sufuria, chumba katika ua wa Mma Gabaake, na barua ya nafasi katika chuo cha ufundi. Mwisho wa kujiandikisha: Ijumaa, saa sita mchana.

Nikapewa pia Ausi Sethunya. Ausi ni dada mkubwa. Kazi yake ilikuwa kutushika mkono sisi tuliotoka vituoni. Angenipitia Jumatano twende chuoni pamoja.

Jumatano nilioga, nikavaa, nikauzungusha ufunguo kufungua kufuli la mlango, nikaurudisha shingoni, ili huyo atakayenifungulia asipate taabu. Kisha nikaketi kitandani, mikono magotini.

Nikangoja.

"Hodi!" sauti ikaita nje.

Anayeitwa ni Mma Gabaake, nikajiambia.

Msinicheke. Kwetu mgeni, hata awe chifu, hasukumi mlango wa mtu. Hupiga hodi, akangoja mwenyewe aseme karibu. Hilo nililijua kama kila Mtswana. Nisilolijua ni kwamba safari hii mwenyewe alikuwa mimi. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kunipigia hodi. Waliingia tu.

"Hodi! Hodi jamani!"

Kisha nyayo zikaondoka.

Alhamisi Ausi Sethunya alirudi. Nilimsikia akisemezana na Mma Gabaake.

"Yumo kweli, mma?"

"Yumo! Usiku nimemsikia akikohoa. Siku ya pili hii hajaja hata kuchota maji. Au tumwandikie barua ya maombi? Sukuma uingie!"

"Si kwangu, mma."

"Ni kwangu! Ua wangu, mlango wangu!"

"Ua ni wako. Chumba ni chake."

Hapo nikaelewa kwamba hodi ile ilikuwa yangu.

Lakini kuelewa ni jambo moja, kuinuka ni jambo jingine. Nilikitazama kitasa hadi kiza kikaingia. Akili ilisema: simama. Miguu ikauliza: nani ameruhusu?

Mkate ukaisha. Ndoo ya kuogea ikawa choo.

Ijumaa alikuja mapema mno.

"Hodi, Keneilwe."

Nikasikia akiburuta kiti, akaketi nje ya mlango wangu. Saa tatu ikapita. Saa nne.

"We Sethunya," Mma Gabaake alimpigia kelele kutoka kwenye karai lake la maandazi, "unaatamia mayai hapo?"

"Naatamia, mma."

"Chuo kinafunga!"

"Najua."

Saa tano. Nilijiuma mkono hadi damu ikatoka. Kisha redio ya Mma Gabaake ikatangaza saa sita kamili, na mimi nikalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa.

"Hodi, Keneilwe," akasema tena, taratibu, kana kwamba hakuna kilichopotea.

"Karibu."

Sauti ilikuwa yangu. Akashika kitasa, mlango ukafunguka palepale.

"Ulijua uko wazi?" nikamuuliza.

"Tangu Jumatano. Upepo ulikuwa unauchezesha."

"Ukaacha nafasi yangu ipotee!" Nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Aliniacha nimalize.

"Mimi pia nimetoka kituo kile," akasema. "Nilingoja kama wewe, na siku ya pili mtu mwema akanisukumia mlango. Baadaye nikaolewa na mwanamume aliyekuwa akinifungia ndani. Miaka sita, mdogo wangu, nilikaa kitandani nikingoja mtu mwema mwingine."

Mwaka ule niliuza maandazi na Mma Gabaake. Chuoni niliingia Januari iliyofuata. Miaka mingi baadaye niliandika tasnifu nzima juu ya vijana wanaotoka vituoni, na hadi leo sijui kama Sethunya alifanya sawa. Najua tu kwamba tangu siku ile sijamngoja mtu anifungulie.

Kazi yake sasa ni yangu. Wiki iliyopita nilisimama mbele ya chumba cha kijana mmoja. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Niliviona viatu vyake, kamba zimefungwa, visigino vimebanwa pamoja.

Nikautia mkono mfukoni, usije ukasukuma.

"Hodi," nikasema.

Nanyi mnaolea watoto, wa kuzaa na wa kupokea, mpigieni mtoto hodi angali mdogo. Akichelewa kujua kwamba ana mlango, atachelewa pia kujua kwamba anaweza kutoka.